Ombi la Kumfelisha Bibi Hedwig Mtihani wa Udereva

Ashiru Tahiri,
Karani (katika majaribio),
Mradi wa Maji Mtiririko,
Newala.

Kwa Mtahini wa Madereva,
Masasi.

Ndugu Mtahini,

Shikamoo. Sifahamu umri wako, lakini nimeona ni afadhali shikamoo imfikie mdogo kuliko imkose mkubwa. Ikiwa wewe ni mdogo wangu, tafadhali ichukulie kuwa ni ya cheo.

YAH: MTAHINIWA WA ALHAMISI

Alhamisi ijayo atafika mbele yako mtahiniwa anayeitwa Bibi Hedwig, mhandisi wa maji kutoka Austria, ambaye amekuwa akiishi nasi hapa Newala tangu mwanzo wa mwaka. Ana leseni ya kwao, kadi safi isiyo na alama hata moja ya kosa, na ameendesha gari tangu kabla mimi sijazaliwa. Kwa kuwa sasa anahesabiwa kuwa mkazi na si mpita njia, muda wa kutumia leseni hiyo ya kigeni unakaribia kwisha, naye anatakiwa apate ya kwetu. Ninaandika, kwa heshima zote, kukuomba umfelishe.

Najua ombi hili linaweza kusomeka vibaya. Si chuki. Bibi Hedwig ni mtu mwema, hunigawia mkate wake mweusi ambao meno yangu hayauwezi, na hajawahi kunipandishia sauti. Wala si kwamba hajui kuendesha. Tatizo lake ni kwamba anafuata sheria za barabarani, zote, kila siku, hata mahali ambapo hakuna trafiki.

Naomba kwanza uijue nafasi yangu. Mimi niliajiriwa kuandika barua na kutunza mafaili. Bibi Hedwig alipofika, mkuu wetu wa mradi, Bwana Cuthbert, aliniita akasema, "Ashiru, wewe umesoma. Kaa naye mbele, umweleze mambo ya huku." Tangu siku hiyo, kila jambo linalotokea barabarani huhesabiwa kuwa nimeshindwa kulieleza, na hudaiwa nilitolee maelezo kwa maandishi. Nimekwisha kuandika maelezo mara tatu. Majaribio yangu ya kazi yanamalizika mwezi huu, na Bwana Cuthbert amenionya kwamba maelezo ya nne nitayaandikia nyumbani kwetu. Nyumbani kwetu, Ndugu Mtahini, kuna watu wanaokula kwa sababu mimi ni karani. Bibi Hedwig akifeli, mradi utalazimika kutafuta dereva mwenyeji, nami nitarudi kwenye mafaili yangu, ambayo tangu niyafahamu hayajawahi kusimama kwenye zebra.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Anasimama kwenye zebra. Pale karibu na soko pamechorwa kivuko cha waenda kwa miguu. Sisi wenyeji tunakiheshimu kwa namna yetu: dereva hupunguza mwendo kidogo, mwenye miguu humpima kwa macho, wakaelewana, kisha kila mmoja akaendelea na maisha yake. Bibi Hedwig, katika safari yake ya kwanza, alimwona Bibi Shamsia, muuza mbaazi, amesimama pale na wenzake wawili pamoja na ndoo zao. Hawakuwa wanavuka. Walikuwa wanazungumza. Bibi Hedwig akasimamisha gari na kuwapungia mkono wapite.

Hapa kwetu, gari la ofisi likisimama mbele yako na dereva akakupungia mkono, maana yake ni moja tu. Bibi Shamsia alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akawavuta na wenzake. "Marahaba, wanangu," akasema, kabla hata hatujamwamkia. Bibi Hedwig akauliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Mnakwenda wapi, tafadhali?" Bibi Shamsia akajibu, "Huko huko unakokwenda wewe, mama. Sisi hatuna makuu."

Tulikuwa tunakwenda Masasi. Tuliwashusha Lulindi, ambako Bibi Shamsia, baada ya kutazama nje kwa muda, alikumbuka kwamba ana dada. Tangu hapo habari zimeenea. Watu hawangoji tena usafiri kituoni. Wanajipanga kwenye michirizi myeupe, na kwa kuwa sheria haimruhusu Bibi Hedwig kumpita mtu aliyesimama pale, zipo asubuhi ambazo hatuwezi kabisa kutoka mjini. Kurwa, kijana wa bodaboda, alinifuata mpaka dirishani mwa ofisi. "Karani, mwambie mama yako apite kama watu," akasema. "Sisi watoto wetu watakula rangi ya barabara?" Maelezo yangu ya kwanza yalihusu jambo hilo.

2. Hapigi honi. Anasema honi ni ya kuonya hatari. Sitaki kubishana na sheria, lakini kwetu, kama unavyofahamu, honi ni salamu. Mtu akipitwa kimya na gari la mtu anayemjua, hurudi nyumbani akijiuliza amekosa nini. Mwalimu mstaafu Bwana Bernard, ambaye hukaa barazani kwake kando ya barabara, alipitwa kimya wiki nzima. Mwishowe akatuma ujumbe ofisini: "Mwambieni mgeni wenu kwamba hata mbuzi wangu hunisalimia."

Nilipomweleza Bibi Hedwig alisikitika sana, karibu alie, lakini honi hakupiga. Badala yake sasa anasimamisha gari, anawasha taa za tahadhari, anashuka, anaamkia, anangoja marahaba, anauliza habari za nyumbani na za shamba, anarudi garini, anafunga mkanda, anatazama vioo vyote, ndipo anaondoka. Kutoka ofisini hadi posta, ambapo mimi hutembea huku nikiwa na chai mkononi bila chai hiyo kupoa, siku hizi ni safari ya asubuhi nzima. Bwana Bernard ameridhika na sasa amewaita jirani zake wakae naye barazani.

3. Anaendesha kushoto. Kwao huendesha kulia, kwa hiyo alipoambiwa kwamba huku ni kushoto alikushika kushoto kwa bidii ya mtu aliyejifunza kusali ukubwani. Lakini barabara zetu za mchanga, huko vijijini, zina upande mmoja tu, nao ni katikati. Kushoto na kulia hutafutwa pale mnapokutana na mwenzako, tena baada ya kusalimiana. Bibi Hedwig hukaa kushoto hata kama hakuna gari jingine lililopita tangu alfajiri, na kushoto ndiko mchanga ulikolala. Tumezama Chilangala mara nyingi mpaka wenyeji wa pale wanajua jina la mama yangu. Wakisukuma huimba, na katika wimbo huo nimo: "Karani umesoma wee, katikati hukuiona?"

4. Hapakii watu nyuma. Ilipofika likizo ya mwezi wa sita, mabinti wa Chilangala waliokuwa wakifundwa unyagoni walikuwa wanatolewa. Wazee wa kijiji waliomba gari la mradi likawachukue wapiga ngoma kutoka kijiji cha pili, na Bwana Cuthbert akakubali, kwa kuwa mabomba yetu yanapita katika mashamba ya wazee hao. Nyuma ya pikapu yetu wangeenea wote pamoja na ngoma zao, na wangepiga njia nzima, maana shughuli huanzia njiani. Bibi Hedwig alisema nyuma ni pa mizigo. Akawachukua wanne wanne, kila mmoja na mkanda wake, na mimi nikabaki kijijini kwa wapiga ngoma kupanga foleni.

Ngoma zenyewe, kwa kuwa ni mizigo, zilikwenda na safari ya kwanza. Pamoja nazo walikwenda wazee wanne ambao hawapigi ngoma, kwa kuwa wazee ndio hutangulia. Safari ya pili walikwenda kina bibi. Wapiga ngoma ni watu wa adabu, kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi, na yule mkubwa wao, ambaye bila yeye hakuna kinachoanza, alifika wa mwisho kabisa, jua likiwa utosini. Mabinti walikuwa wameshatolewa kwa makofi. Mama Stella, aliyekuwa somo wao, alisema mbele ya watu wote, "Ngoma tunazo. Mikono ya kuzipiga iko njiani, imefungwa mikanda." Nilipofika na safari ile ya mwisho hakuna aliyenikaribisha chakula. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo ya pili.

5. Anasaidia majeruhi. Hili ndilo lililonifikisha kwenye barua hii. Kwa nia njema nilikuwa nimemfundisha kwamba huku kwetu gari likiharibika, dereva hukata matawi na kuyalaza barabarani ili kuwaonya wanaokuja nyuma. Aliandika neno kwa neno, akanishukuru. Sikufikiria kumwambia kwamba upo pia msimu wa kupogoa mikorosho.

Jumatatu iliyopita tulikuwa tunashuka kuelekea Masasi tukakuta matawi ya mkorosho yamelala ukingoni mwa barabara. Bibi Hedwig akasimama. Akawasha taa za tahadhari, akaweka ile pembetatu nyekundu nyuma ya gari, akavaa kizibao chake cha kung'aa, akachukua sanduku la huduma ya kwanza, akaingia shambani kutafuta walioumia. Mimi nilikuwa nimebanwa na haja, nikaenda nyuma ya kichuguu. Kwa hiyo yanayofuata nimesimuliwa na Mzee Salmini, mwenye shamba, ambaye alikuwa juu ya mkorosho.

"Gari lako liko wapi?" Bibi Hedwig alimuuliza.

"Gari?" akasema Mzee Salmini. "Mama, mimi nina panga."

Bibi Hedwig alimwomba ashuke polepole na asigeuze shingo. Mzee Salmini ni mtu mpole, akashuka. Akalazwa chini ya mkorosho, akashikwa kichwa, akaulizwa leo ni siku gani. Akajibu kuwa ni Jumatatu, na kwamba asubuhi yote alikuwa hajambo mpaka sasa hivi.

Wakati huo basi lililokuwa nyuma yetu liliona pembetatu likasimama. Abiria wakashuka. Waliona gari la mradi, milango wazi, ndani hamna mtu, na kule shambani mzungu ameinama juu ya mzee aliyelala. Mmoja akapiga simu Newala kusema gari la mradi limepata ajali. Wa pili akapiga kusema mzungu yu mzima. Wa tatu akapiga kusema karani hajaonekana. Wa nne hakuhitaji kuona kitu, akamalizia mwenyewe.

Niliporudi nyumbani jioni nilikuta mikeka imetandikwa uwanjani, masufuria makubwa yako motoni, na mama yangu amezungukwa na kina mama waliomshika mabega. Mjomba alikuwa ameshakwenda kuangalia mahali pa kuchimba. Godfrey, jirani yetu Mngoni, ambaye kwa ukoo wetu ni mtani na hivyo ana ruhusa ya kufanya mzaha hata msibani, alinipokea langoni. "Afadhali umekuja, marehemu," akasema. "Walitaka tuanze kula bila wewe, mimi nikakataa." Kina mama walipiga kelele. Mama hakucheka wala hakupiga kelele. Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili na kuniuliza ni kazi gani hii ambayo mtu anafunga mkanda ili azikwe vizuri. Watu walikaa mpaka pilau ikaisha, kwa kuwa ilikuwa imeshaiva. Hayo ndiyo maelezo ya tatu, Ndugu Mtahini, na ninaogopa kwamba ya nne yako njiani, taa za tahadhari zikiwaka.

Baada ya kueleza hayo, naomba nijenge hoja yangu. Kama leseni ya kwao ingetosha, serikali isingejisumbua kumtaka mgeni mkazi apate ya kwetu. Kwa hiyo leseni ya kwetu lazima ithibitishe jambo ambalo ya kwao haithibitishi. Nimelitafakari jambo hilo usiku na mchana. Haliwezi kuwa kujua sheria, kwa sababu sheria anazijua kuliko mimi. Haliwezi kuwa kujua gari, kwa sababu injini anaifungua na kuifunga mwenyewe. Limebaki moja: kujua watu. Na hapo, kwa ushahidi niliokutolea, hajafaulu.

Sina ugomvi na sheria zenyewe. Nimezisoma, ni nzuri, na naamini zilitungwa kwa matumaini kwamba siku moja tutazianza wote pamoja. Akianza mtu mmoja peke yake, inakuwa kama aliyesema amina wakati dua bado haijaombwa: kila mtu anageuka kumtazama. Njia za kuondoa aibu hiyo ni mbili. Ama watu wote wa Newala na Masasi tuanze kufuata sheria, jambo ambalo litahitaji vikao, au mtu mmoja aache. Nimeona la pili ndilo jepesi.

Nafahamu kwamba huwezi kumfelisha mtu bila sababu, na kwamba siku ya mtihani hatakupa hata moja. Nimejitahidi kukusaidia. Muulize swali hili: "Unakutana na mama mkwe wa mkuu wako wa kazi kwenye barabara ya mchanga, naye amejitwika kuni. Utapiga honi ngapi, na ndefu kiasi gani?" Hatajua. Au mwoneshe tawi, umuulize linamaanisha nini. Chochote atakachojibu, mwambie inategemea msimu.

Endapo dhamiri yako itakataa kumfelisha kabisa, basi apewe leseni yenye sharti, kama wanavyowekewa wenye miwani: kwamba ataruhusiwa kuendesha mradi tu afanye kosa dogo moja katika kila safari. Mimi niko tayari kumchagulia la kuanzia. Na ikiwa hata hilo ni zito, naomba angalau wakazi wa kigeni watambuliwe rasmi kuwa kundi linalohitaji kulindwa dhidi ya sheria zetu, mpaka hapo watakapotuzoea na kuziacha wenyewe polepole, kama sisi.

Nimalizie kwa kukuombea afya njema na breki zisizochoka. Wasalimie wote hapo ofisini, waliofaulu na watakaorudia, na yule afande anayesimama kwenye mzunguko, ambaye Bibi Hedwig humsifu kila tukipita kwa kusimama wima. Mama yangu naye anakusalimu. Anasema nikuandikie kwamba mimi ni mzima.

Ni mimi, nikaaye kiti cha kushoto na kushika mpini wa mlango,

Ashiru Tahiri.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Bwana Cuthbert aliponiita. Nilimdokeza, kwa uangalifu, kwamba huenda Bibi Hedwig asifaulu Alhamisi. Hakushtuka. Alisema mradi hauna fungu la dereva mwenyeji na hautakuwa nalo. "Akifeli, gari utaendesha wewe," akasema. "Tangazo la kazi lilitaka karani mwenye leseni, nawe unayo. Yeye atakaa kushoto akuelekeze." Ni kweli ninayo, Ndugu Mtahini. Niliipata kihalali, nilifaulu, na tangu siku ile sijawasha gari lolote, kwa sababu magari yananitisha. Bwana Cuthbert ameongeza kwamba nikikataa, majaribio yangu yataishia hapo.

Amenipa ufunguo nikakizoee kiti. Nimekaa humo, gari limezimwa, limeegeshwa ubavuni mwa ofisi. Mama mmoja mwenye ndoo ya maji alikuwa akipita mbele yangu. Mguu wangu, bila kuniuliza, ukakanyaga breki kwa nguvu zote, na mkono wangu ukampungia apite. Moyo ukatulia kama ambavyo haujatulia kwa siku nyingi. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu uyafute yote niliyoyaandika hapo juu, isipokuwa shikamoo. Mpitishe Bibi Hedwig. Mpitishe hata akigonga kibao cha ofisi yako, ingawa tunajua wote wawili kwamba hatakigonga.

Yule mama hakupita. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia na ndoo yake. Ninaandika haya yeye yuko nyuma yangu, ameshafunga mkanda bila kuambiwa, na ananiuliza kwa nini hatuondoki. Nimemwambia tunakusubiri wewe.